Panya wenye jeni zilizobadilishwa na uponaji wa majeraha ya ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa baiolojia, wauguzi wa vidonda, na watu wenye mzazi au ndugu aliyekaa na kidonda miezi bila kupona. Majibu hayana urefu sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Je, ni panya hawa hawa wa darini?

Ndiyo, ni spishi ileile ya panya mdogo wa nyumbani, *Mus musculus*. Tofauti ni kwamba wa maabara wamezalishwa kaka kwa dada kwa vizazi vingi hadi wakafanana kijenetiki karibu kabisa. Ukoo unaotumika zaidi unaitwa C57BL/6, nao ni weusi. Kufanana huko ndiko kunakoupa utafiti nguvu. Ukiwa na makundi mawili ya panya wanaotofautiana kwa jeni moja tu, na kundi moja likachelewa kupona, unajua pa kutazama.

Kwa nini kubadilisha jeni? Si inatosha kumchunguza panya wa kawaida mwenye jeraha?

Inatosha kuona kinachotokea, haitoshi kujua nani anakisababisha. Jeraha la ngozi ni mahali penye shughuli nyingi kwa wakati mmoja. Damu inaganda, chembe nyeupe zinafika kupambana na vijidudu, seli za ngozi ya juu zinatambaa kuziba pengo, mishipa midogo ya damu inachipua, na seli ziitwazo fibroblasti zinamwaga kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu. Protini mamia kwa mamia hupanda na kushuka humo. Lakini protini kuonekana kwa wingi kwenye jeraha si ushahidi kwamba jeraha linaihitaji. Njia ya kujua ni kuiondoa uone kinachoharibika.

Panya hawa hutengenezwaje?

Njia ya kwanza ni kuingiza jeni ya ziada kwenye yai lililorutubishwa. Jeni hizo za ziada zilianza kurithishwa kwa watoto wa panya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya pili ni kuizima jeni ambayo panya tayari anayo. Jeni huzimwa ndani ya seli shina za kiinitete, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina yoyote ya mwili, seli hizo huingizwa kwenye kiinitete kichanga, kisha kiinitete hicho huwekwa kwenye tumbo la panya jike. Panya wa kwanza wa namna hiyo walipatikana mwaka 1989, na kazi hiyo iliwapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007. Tangu 2013 mbinu ya CRISPR imefupisha safari. Jeni inakatwa moja kwa moja ndani ya yai lililorutubishwa, na mimba ya panya huchukua siku 20 hivi tu.

Kwa watafiti wa ngozi, njia ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Jeni nyingi ukizizima mwili mzima panya hafiki umri wa kujeruhiwa. Mfano ni jeni ya TGF-beta 1, protini inayotuliza kinga ya mwili na kuamuru kolajeni ijengwe. Panya wasio nayo hufa kwa uvimbe wa viungo vingi wakiwa na umri wa wiki chache tu. Kwa hiyo watafiti hutumia kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichotoka kwenye kirusi cha bakteria, ambacho hukata kipande cha DNA kilichowekewa alama pande zote mbili. Ukikiweka Cre chini ya amri ya jeni ya keratini 14, ambayo huwaka katika tabaka la chini la ngozi ya juu, ukataji hutokea huko, na moyo na ini vinabaki salama. Kuna toleo linalosubiri panya apewe dawa ya tamoksifeni ndipo lianze kazi. Hivyo panya anakua mzima, na jeni inazimwa siku chache kabla ya jeraha.

Jeraha lenyewe hufanywaje?

Panya huwekwa chini ya nusu kaputi kwa dawa ya kuvuta. Manyoya ya mgongoni hunyolewa, ngozi husafishwa, kisha kipande cha duara hutolewa kwa kisu kidogo cha mviringo, mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 6. Kwa kawaida ni vidonda viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, ili kimoja kitibiwe na kingine kiwe cha kulinganisha.

Hapo ndipo penye kasoro ambayo wanafunzi wengi huipita. Ngozi ya panya imelegea, na chini yake kuna karatasi nyembamba ya msuli ambayo binadamu amebaki nayo sehemu chache tu za mwili. Ukimkata panya, msuli huo huvuta kingo za jeraha hadi zikutane. Kidonda kinafungwa kwa kuvutwa, wakati kidonda cha mguu wa binadamu kinafungwa zaidi kwa kujazwa nyama mpya na kufunikwa na ngozi inayotambaa. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti kilichapisha suluhisho ambalo leo ni la kawaida: pete ya silikoni hugundishwa kuzunguka jeraha na kushonwa kwa nyuzi kadhaa, ili ngozi isivutwe. Pete ikiachia hata upande mmoja, kidonda hicho huondolewa kwenye hesabu. Ukisoma ripoti ya dawa iliyoponya panya haraka, tafuta kwanza kama pete ilitumika. Kama haikutumika, huenda dawa iliongeza mvuto wa ngozi tu.

Umri nao una neno. Karibu na wiki ya saba, nywele za mgongoni huwa zimepumzika na ngozi ni nyembamba. Nywele zikiwa katika awamu ya kuota, ngozi hunenepa, mishipa ya damu huongezeka, na kidonda hupona haraka zaidi. Anayechanganya panya wa awamu mbili hizo anapima nywele akidhani anapima jeni.

Panya huumia?

Ndiyo, na kila anayefanya kazi hii anawajibika kwa maumivu hayo. Usingizi wakati wa upasuaji na dawa ya maumivu baadaye ni lazima. Panya hupenda kuishi pamoja, lakini baada ya kuvishwa pete mara nyingi hutengwa kila mmoja kizimbani mwake kwa sababu hutafunana pete na nyuzi, na upweke huo pia ni gharama kwao. Mwisho wa jaribio wengi huuawa ili ngozi ichunguzwe kwa hadubini. Msingi unaofuatwa duniani uliwekwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: badili mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Jaribio lililopangwa vibaya, lisilo na pete wala kundi la kulinganisha, ni kosa la kimaadili kabla halijawa kosa la kisayansi, kwa sababu wanyama wameumizwa na hakuna kilichojulikana.

Ni mfano gani unaoonyesha vizuri faida ya njia hii?

Wa plasminojeni. Damu inapoganda kwenye jeraha huacha utando wa nyuzi za protini iitwayo fibrini. Seli za ngozi ya juu hazina budi kupita chini ya kigaga, katikati ya utando huo na nyama hai. Plasmini, inayotokana na plasminojeni, ndiyo hukata nyuzi za fibrini.

Mwaka 1996 ilichapishwa kazi ya panya waliozimwa jeni ya plasminojeni. Majeraha yao yalichelewa sana, na chini ya hadubini seli zilionekana zimesimama ukingoni mwa utando, haziwezi kuukata zikapita. Hadi hapo ungeweza kusema plasmini huenda inafanya kazi kumi tofauti. Mwaka huohuo kikundi kingine kilizima jeni mbili kwa mpigo: plasminojeni na fibrinojeni, malighafi ya fibrini. Panya hao wakapona kama kawaida. Palipokosekana fibrini, plasmini haikuhitajika. Swali lililokuwa na majibu kumi likabaki na moja, na sioni ni kwa njia gani nyingine lingejibiwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kisa hakikuishia hapo. Panya wasio na plasminojeni walichelewa, lakini mwishowe walipona. Nani aliwasaidia? Mwaka 1999 watafiti waliwapa dawa inayozuia kundi jingine la vimeng'enya, yale yanayokata kolajeni kwa msaada wa madini kama zinki. Safari hii majeraha yakakwama kabisa. Makundi mawili ya vimeng'enya yalikuwa yakishikiana zamu.

Jeni ikizimwa na kidonda kikapona kama kawaida, utafiti umeshindwa?

Hapana. Chukua FGF7, protini inayochochea seli za ngozi ya juu kukua, ambayo huongezeka zaidi ya mara 100 ngozi inapojeruhiwa. Kila mtu alitarajia panya wasio nayo wataoza vidonda. Mwaka 1996 ilionekana kwamba vidonda vyao vinapona vizuri, na kilichoharibika ni manyoya. Lakini miaka miwili kabla, Sabine Werner na wenzake walikuwa wametengeneza panya ambao ngozi yao ina kipokezi bandia kinachoziba masikio ya seli kwa FGF7 na ndugu zake kwa pamoja, na hao walichelewa kupona. Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja unapata jibu: ni kama timu yenye wachezaji wa akiba, akitoka mmoja mwingine anaingia, na mchezo unaharibika pale tu unapofunga benchi lote.

Kuna jeni ambayo ukiiondoa kidonda kinapona haraka zaidi?

Ndiyo. Protini ya Smad3 hubeba ujumbe wa TGF-beta ndani ya seli. Mwaka 1999 iliripotiwa kwamba panya wasio na Smad3 hufunika majeraha haraka kuliko wenzao, na uvimbe ni mdogo. Usikimbilie kufurahi: panya hao hao kinga yao ni dhaifu na hufa mapema. Hata hivyo walituonyesha kwamba mwili wa mnyama mzima hauponi kwa kasi yake yote, kwamba kuna breki.

Nasikia chembe nyeupe za damu zikiondolewa kovu linapungua. Ni kweli?

Ni kweli kwa panya wachanga. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba vitoto vya panya visivyo na jeni ya PU.1, ambavyo havina makrofaji wala nutrofili, aina mbili za chembe nyeupe zinazokula vijidudu, huponya majeraha madogo kwa kasi ya kawaida na bila kovu la kuonekana. Kwa panya wakubwa mambo hubadilika. Makrofaji wakiondolewa siku za mwanzo, nyama mpya huwa haba. Wakiondolewa katikati, mishipa michanga huvuja damu. Wakiondolewa mwishoni, hakuna tofauti kubwa. Seli ileile, kazi tofauti kwa siku tofauti. Na kumbuka kwamba kidonda cha maabara ni kisafi. Kidonda cha shambani bila chembe nyeupe ni usaha na homa.

Kovu hutoka wapi hasa?

Hapa jeni haizimwi, seli inapakwa rangi. Panya hutengenezwa ili ngozi yake yote ing'ae nyekundu, isipokuwa seli ambazo wakati fulani maishani ziliwasha jeni unayoifuatilia. Hizo na vizazi vyake vyote hugeuka kijani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia hivyo jeni ya Engrailed-1. Kwenye ngozi ya mgongo, kolajeni nyingi ya kovu ilitoka kwa fibroblasti za ukoo huo mmoja. Fibroblasti, ambazo vitabu vilizichora zote sawa, zikaonekana zina koo zenye tabia tofauti.

Mwaka 2021 walikwenda mbele zaidi. Baadhi ya fibroblasti huiwasha Engrailed-1 jeraha linapovutwa, na ishara hiyo hupita kwa protini iitwayo YAP. Walipoizuia kwa dawa ya verteporfini, panya walipona wakiwa na vinyweleo na tezi zake, na ngozi yenye nguvu karibu na ya awali. Verteporfini ni dawa ya macho, hutumika kwa ugonjwa wa retina wa wazee. Kama umeiona ikitangazwa mtandaoni kuwa dawa ya makovu, usinunue. Haijaidhinishwa kwa kazi hiyo.

Panya wenye kisukari ni akina nani?

Maarufu zaidi ni panya wa db/db, na kwa haki yake si wa kutengenezwa. Badiliko la jeni lilitokea lenyewe katika Jackson Laboratory, Bar Harbor, Marekani, likaripotiwa mwaka 1966. Jeni iliyoharibika ni ya kipokezi cha leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili umeshiba. Panya hula bila kukoma, hunenepa mno, sukari hupanda, na vidonda vyao husuasua.

Mwaka 1990 panya hao walipakwa PDGF, protini inayochochea seli kukua, na majeraha yao yakajaa nyama vizuri. Desemba 1997 Marekani iliidhinisha bekaplemini, jeli yenye PDGF, kwa vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Hicho ni kisa cha kufaulu, ingawa kwa bei yake wagonjwa wengi wa huku kwetu hawajawahi kuiona.

Basi mbona dawa nyingi zinaponya panya na si binadamu?

Kwa sababu panya wa maabara ni mchanga, mzima, na kidonda chake kina siku moja. Mgonjwa wa kidonda sugu ana miaka 60, mishipa ya mguu imeziba, ganzi imemwingia nyayoni hata hajui anakanyaga msumari, na kidonda kina vijidudu vilivyojijengea utando. Hata panya wa db/db mwishowe hupona.

Mfano mchungu ni TGF-beta 3, protini ndugu wa TGF-beta 1. Kwa wanyama ilipunguza makovu, na majaribio ya awali kwa binadamu yalitia moyo. Jaribio kubwa la mwisho lilishindwa mwaka 2011, na dawa ikaachwa. Kwa maoni yangu panya hakudanganya. Aliulizwa kama protini hii inagusa kovu, akajibu. Kosa ni kuchukua jibu hilo kuwa ahadi kwa mgonjwa.

Na keloidi?

Panya hawapati keloidi. Ndiyo maana makovu haya yanayovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, yamebaki nyuma katika utafiti. Wengine hupandikiza kipande cha keloidi ya binadamu kwenye panya asiye na kinga ya mwili, lakini kipande hicho husinyaa baada ya muda, na kinga, ambayo huenda ndiyo mshukiwa mkuu, haipo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyetobolewa sikio akapata uvimbe mkubwa kuliko hereni anastahili utafiti unaoanzia kwenye ngozi yake mwenyewe, yaani sampuli za wagonjwa waliokubali kwa hiari.

Kwa nini msitumie nguruwe?

Hutumika, na ngozi yake inafanana na yetu zaidi. Lakini ni ghali, hukua taratibu, na kubadilisha jeni zake ni kazi kubwa. Njia ya busara ni panya kwa kujua jeni ipi, nguruwe na ngozi ya binadamu iliyooteshwa kwa kujua kama dawa inafaa.

Kuna panya wa Kenya anayeota ngozi upya?

Yupo, naye hakubadilishwa na mtu. Ni panya wa miiba, jenasi *Acomys*, anayeishi kwenye miamba ya nyika. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walichapisha uchunguzi wa spishi mbili walizozikamata Kenya, *Acomys kempi* na *Acomys percivali*. Ukimshika vibaya, ngozi yake hupasuka na kubaki mkononi mwako, na yeye anatoroka. Walipima nguvu ya ngozi hiyo wakaikuta dhaifu mara 20 hivi kuliko ya panya wa kawaida. Anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha inaota upya na vinyweleo vyake, kwa kovu dogo sana. Tundu la milimita 4 sikioni hufungwa, na gegedu hurudi.

Jeni za kuzima na kuwasha kwa panya wa maabara sasa huchaguliwa kwa kumtazama huyu: ni zipi zinazowaka kwake na kulala kwa mwenzake? Anayetaka kuleta au kutengeneza mnyama wa jeni zilizobadilishwa nchini Kenya hupitia Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Viumbe, chini ya sheria ya mwaka 2009.

Mama yangu ana kisukari na kidonda mguuni. Utafiti huu utamsaidia lini?

Usiusubiri. Yanayomsaidia leo yanajulikana: kuushusha mzigo mguu huo, kwa kiatu maalumu au plasta ya gipsi, ili asikanyagie kidonda, kusafisha na kuondoa nyama iliyokufa kwa mikono ya mtaalamu, kuitawala sukari, kupimwa mtiririko wa damu wa mguu. Asiloweke mguu kwenye maji ya moto, maana mwenye ganzi huungua bila kujua. Akague nyayo kila jioni, au mjukuu amkague, pamoja na kati ya vidole. Kidonda kikinuka, kikiwa cheusi, wekundu ukipanda mguuni au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.